Bwawa la Samaki Nyumbani: Maji Safi, Familia Yenye Afya

Bwawa la samaki si jambo geni kwa familia za Misikhu na vijiji vingine vya Bungoma. Miaka ya 1960 serikali ilihimiza wananchi wale samaki zaidi, na wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya wakachimba vidimbwi vidogo ambavyo baadaye viliachwa. Mwaka 2009 wazo hilo lilirudi kwa nguvu: mpango wa kufufua uchumi ulilenga mabwawa 200, kila moja la mita za mraba 300, katika kila eneo bunge kati ya 140 yaliyochaguliwa nchini. Mengine hadi leo yanatoa ngege na kambare. Mengine yamebaki mashimo yenye nyasi na maji yaliyotuama.

Hayo mashimo ndiyo ya kuogopwa kwanza.

Mbu wa malaria hutaga mayai kwenye maji yaliyotulia yanayopigwa na jua, hasa ukingoni penye nyasi ambapo samaki hawafiki. Mwenye bwawa anaweza kujionea mwenyewe: achote maji ya ukingoni kwa bakuli jeupe, atulie kidogo, kisha atazame. Viluwiluwi vya mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Vya mbu wengine wengi huning'inia kichwa kikiwa chini. Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua wiki moja hadi mbili tu, kwa hiyo kufyeka ukingo mara moja kwa mwezi hakutoshi. Nyasi zifyekwe kila wiki, na mabua yanayoelea yaondolewe.

Lakini mfanyakazi mkuu wa kazi hii ni samaki mwenyewe. Utafiti uliofanywa Kisii ya Kati na kuchapishwa mwaka 2007 uliweka ngege katika mabwawa yaliyokuwa yameachwa. Baada ya wiki 15, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94, na vya mbu wa jamii nyingine kwa zaidi ya asilimia 75. Kwa hiyo familia ikivua samaki wote na kukosa fedha za vifaranga wapya, isiliache bwawa na maji yake. Ama iombe vifaranga vichache kwa jirani, ama itoboe ukingo na kulikausha kabisa. Bwawa lenye maji lisilo na samaki ni hatari kuliko kutokuwa na bwawa.

Samaki nao hawatadumu ndani ya maji machafu. Wanakojoa na kunya humo humo, na chakula kisicholiwa huoza chini na kutoa amonia inayowaumiza matamvua. Wengi hukosea hapa: wakiona samaki wanakuja juu, wanaongeza wishwa. Chakula kinachobaki kikielea baada ya robo saa kilikuwa kingi mno, na kesho yake kipunguzwe.

Rangi ya kijani kwenye maji ni mwani, nao ni chakula cha ngege, ila una kiasi chake. Kipimo rahisi ni mkono. Mtu achovye mkono taratibu ukiwa wima, kiganja kimekunjuliwa, akitazama. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika karibu na kiwiko, hali ni nzuri. Kikipotea mapema, maji yamezidi kijani na samadi isiongezwe tena. Usiku mwani huvuta oksijeni ileile wanayoitegemea samaki, na ndiyo sababu alfajiri, kabla jua halijachomoza, samaki wa bwawa lililozidiwa huonekana wamejaa juu wakihema midomo wazi. Dalili hiyo haisubiri jioni. Chakula kisimamishwe, samadi isitiwe, na maji mapya yaingizwe asubuhi hiyo hiyo. Dawa ya klorini ya kutibia maji ya kunywa isitiwe bwawani kamwe, maana huua samaki.

Kwa afya ya watu, kanuni ni fupi: maji ya samaki si maji ya nyumba, hata yakionekana maangavu. Marekani ilijifunza hili kupitia kobe wadogo wa majini waliofugwa ndani ya nyumba. Kobe hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuugua na kuwaachia katika maji anamoogelea. Watoto wengi waliugua kuhara na homa, na mwaka 1975 serikali ya huko ikapiga marufuku uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofika inchi 4. Hapa Kenya, kufuga kobe wa porini bila kibali ni kosa kisheria. Ila somo lenyewe linahusu kila chombo cha maji anamoishi mnyama, na bwawa linalotiwa samadi ya ng'ombe na kuku limo pia.

Basi ndoo ya bwawani iwe na alama yake na isiingie jikoni. Nyavu zisioshwe kwenye beseni la vyombo. Atakayetia samadi au kushika samaki anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kugusa unga au mtoto. Mwenye kidonda mguuni asiingie majini kabla hakijapona. Samaki aparuliwe mbali na chakula kilicho tayari, na matumbo yafukiwe badala ya kurudishwa bwawani.

Mahali pa kuchimba pana uzito kuliko yote hayo. Bwawa likae chini ya chemchemi, lisiwe juu yake, na mbali na choo cha shimo. Mvua za masika zinapoanza Machi, maji yanayotelemka kutoka mashamba ya mahindi hubeba mbolea na dawa za wadudu, kwa hiyo mtaro wa kuyageuza uchimbwe upande wa juu kabla mawingu hayajafunga. Uzio nao usingoje mavuno: mtoto anayeanza kutembea anaweza kuzama katika maji yanayomfikia mtu mzima magotini tu. Miti iliyokatwa shambani na lango linalofungwa kwa kamba, juu mtoto asikofikia, vinatosha kuanzia.

Anayetetemeka kwa homa au kuharisha mfululizo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mhudumu aambiwe kwamba nyumbani kuna bwawa.