Matairi Chakavu: Maji Yaliyofichika na Mbu wa Mchana

Mvua za masika zinapokatika, wakazi wengi hutazama mitaro, vidimbwi na nyasi ndefu kuwa ndiyo mazalia ya mbu. Ni wachache wanaolikumbuka tairi lililoegemezwa nyuma ya banda, lile lililowekwa juu ya paa ili bati lisipeperushwe na upepo, au rundo lililo kando ya kibanda cha fundi wa kuziba pancha. Somo hili linaeleza kwa nini tairi chakavu linahitaji uangalizi mkubwa kuliko dimbwi la barabarani, na hatua ambazo kila kaya na kila gereji inaweza kuchukua.

Umbo la tairi

Tairi hutengenezwa kwa mpira uliochanganywa na masizi na salfa, kisha huimarishwa kwa nyaya za chuma. Limekusudiwa kustahimili jua, maji na msuguano wa barabara kwa miaka mingi; kwa hiyo likitupwa haliozi kama ganda la ndizi. Kiini cha tatizo, hata hivyo, ni uwazi wake wa ndani. Tairi lilazwe, lisimamishwe au ligeuzwe, daima upande wa chini wa mfereji huo hubakiza maji. Ndani mna kivuli na joto, na majani yanayoozea humo huwa chakula cha viluwiluwi.

Jambo hili laweza kuthibitishwa katika mkutano wowote wa kitongoji. Mimina kikombe kimoja cha maji ndani ya tairi, kisha mwombe mtu mmoja ayamwage yote kwa kuligeuza. Ataona maji yakizunguka ndani na kurudi chini kila anapolisimamisha.

Mbu anayeyapenda maji hayo

Mbu aina ya Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni, ndiye msambazaji mkuu wa homa ya dengue. Hutaga mayai yake kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo yana uwezo wa kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Mvua ikirejea na maji yakayafikia, huanguliwa. Katika hali ya joto, safari ya kutoka yai hadi mbu mzima huweza kukamilika kwa siku 7 hadi 10. Hivyo, tairi lililokauka tangu kiangazi si lazima liwe salama.

Ustahimilivu huo umewahi kuvusha mbu bahari. Mwaka 1985, katika jiji la Houston nchini Marekani, wataalamu walibaini kuenea kwa mbu wa jamii hiyohiyo kutoka Asia, Aedes albopictus. Ilionekana kuwa aliingia kupitia shehena za matairi yaliyokwisha kutumika.

Hapa nchini, mlipuko wa dengue wa mwaka 2019 uliathiri zaidi Dar es Salaam na Tanga, na wagonjwa waliothibitishwa walizidi 6,000. Dalili zake ni homa kali ya ghafla, maumivu ya kichwa na ya nyuma ya macho, maumivu ya misuli na viungo, na wakati mwingine vipele. Mgonjwa anayetokwa damu puani au kwenye fizi, anayetapika mfululizo au mwenye maumivu makali ya tumbo anapaswa kufikishwa kituo cha afya bila kuchelewa. Mwenye homa inayodhaniwa kuwa dengue asitumie aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu.

Wakazi wamezoea kujikinga na malaria kwa chandarua usiku. Mbu wa dengue huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, wakati watoto wakicheza uani na wazazi wakiwa kazini. Aidha, dawa ya kupuliza huua mbu warukao, lakini mayai yaliyogandamana ndani ya tairi hubaki. Kwa kawaida mbu huyu haruki mbali. Anayemuuma mtoto wa nyumba moja yaelekea amezaliwa katika ua uleule au wa jirani. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kuchoma na kufukia si suluhisho

Wapo wanaochoma matairi ili kuyamaliza, au ili kupata nyaya za kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Moshi wake mweusi una chembechembe na gesi zenye sumu, na mpira unaoyeyuka hutoa mafuta yanayochafua udongo na visima. Moto wenyewe ni mgumu kuzima, kwa sababu uwazi wa matairi huupatia hewa kutoka ndani. Mwaka 1990, katika mji wa Hagersville nchini Kanada, rundo la matairi yapatayo milioni 14 liliwaka kwa siku 17, na wakazi wapatao 4,000 walilazimika kuhama kwa muda.

Kufukia nako kuna kasoro. Tairi zima hujaza nafasi kubwa ya dampo, na likinasa gesi huweza kupanda tena hadi juu ya udongo. Kwa sababu hiyo halifai kuchanganywa na taka za nyumbani; linapaswa kutengwa.

Hatua za kuchukua

1. Tairi linalosubiri kutumika liwekwe chini ya paa, au lifunikwe kwa turubai lililokazwa ili maji yasituame juu yake.
2. Tairi linalobaki nje, likiwemo la juu ya paa au la bembea ya watoto, litobolewe matundu kadhaa kuzunguka mgongo wake, ili maji yatoke kwa mkao wowote.
3. Tairi la kupandia maua au la kuzuia mmomonyoko lijazwe udongo na kushindiliwa hadi ndani ya mfereji wake.
4. Lisiloweza kutobolewa wala kujazwa likaushwe kwa kitambaa na kusuguliwa kwa brashi ngumu kila wiki, ili mayai yang'oke.
5. Wenye gereji wasiache rundo likue. Wapatane na mafundi wa katambuga na wa mipira ya kufungia mizigo wayachukue mapema, na yanayosubiri yawekwe pakavu.
6. Tairi lisitupwe mtaroni, korongoni wala mtoni.

Wajibu wa kila upande

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazikabidhi mamlaka za serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inawapa maofisa afya mamlaka ya kukagua maeneo na kuagiza kero za kiafya ziondolewe. Hata hivyo, hakuna ofisa awezaye kufika katika kila ua kila wiki, na mbu huhitaji muda mfupi tu. Ukaguzi wa kwanza ni wa mwenye nyumba. Mkazi anayeona rundo lisilo na mwenyewe atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji, Afisa Afya au Afisa Mtendaji wa Kata.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kitongoji

1. Je, kuna matairi mangapi katika ua wako, na mangapi kati yake yana maji leo?
2. Kwa nini chandarua cha usiku hakitoshi kumkinga mtoto dhidi ya dengue?
3. Ni fundi gani wa jirani anayeweza kuyatumia matairi yaliyorundikana katika kitongoji chenu?