Somo: Kujitayarisha kwa Uzazi Usio na Dawa ya Utungu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mngu, aliyemuumba binadamu tumboni mwa mamaye umbo baada ya umbo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa somo hili ni la wanaume, ijapokuwa khabari yake ni ya wanawake. Siku moja baada ya darsa ya alasiri alinijia kijana katika wanafunzi wangu, akaniambia: "Maalim, mke wangu ana mimba ya miezi minane, naye asema ataka kuzaa bila ya dawa ya kuondoa utungu, kama alivyozaa mamaye. Nami nimefurahi, kwani sasa sina la kutayarisha." Nikamwambia: "Mwanangu, neno la kwanza ni lake, nalo ni haki yake. Neno la pili ni lako, nalo ni kosa." Bassi nimeona nimjibu kwa kalamu, wapate kufaidika na wenziwe.

MAS'ALA YA KWANZA. Je, kuna fadhila katika kukataa dawa ya utungu?

Jawabu: Sharia haikumlazimisha mwanamke kuitumia dawa hiyo wala haikumkataza. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu, wala hapana thawabu katika kukataa kwa ajili ya kukataa tu. Mwanamke mwenye siha, ambaye mkunga amempima asione khatari, akipenda kustahamili ni khiari yake. Na akibadili shauri katikati ya utungu, hiyo pia ni khiari yake, na si halali kumwambia, "Mbona fulani alivumilia?" Mtazame Bibi Maryamu, naye ni katika wanawake bora wa ulimwengu. Utungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende, alitamani lau angalikuwa amekwisha kufa kabla ya siku ile. Mwenyiezi Mngu hakumlaumu kwa neno hilo. Alimpa maji chini yake, na tende mbivu, na maneno ya kumwondolea huzuni, kama ilivyo katika Sura ya 19. Zingatia: katika utungu usio na dawa alipewa kinywaji, chakula na utulivu wa moyo. Asitarajie subira ya mkewe mtu asiyemwandalia hayo.

MAS'ALA YA PILI. Utungu hustahamiliwa kwa nini?

Jawabu: Utungu ni mji wa mimba kujikaza na kulegea, ili mlango wake ufunguke polepole hata kufikia kadiri ya santimita 10. Kwa mimba ya kwanza kazi hii huchukua saa nyingi. Na khofu huizidisha. Tabibu mmoja wa Uingereza, Grantly Dick-Read, alitunga kitabu mwaka 1933 akieleza kwamba mwenye khofu huukaza mwili wake, na mwili uliokazana huumia zaidi. Na Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mashauri yake ya mwaka 2018, limetaka mzazi awe na mtu amtakaye mwenyewe karibu naye, aachwe atembee na kusimama, na asinyimwe chakula na kinywaji iwapo hana khatari.

Bassi tangu mwezi wa saba mwende pamoja kwa mkunga aliyesomea, mkajifunze. Mkeo achague wa kukaa naye, awe mamaye, au dadaye, au wewe. Ajizoeze kuvuta pumzi taratibu kwa pua na kuitoa polepole kwa mdomo, asikaze mabega wala taya. Na utungu ukipita apumzike, asiungojee ujao kwa khofu. Atembee, achutame, apige magoti, ainamie kitanda. Asilazimishwe kulala chali. Akandwe kiuno kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza. Anyweshwe maji na uji mwepesi, apewe tende. Na dhikri aliyoizoea ulimi wake aifuatanishe na pumzi zake. Nawe ukiwa na khofu, iache nje ya mlango.

MAS'ALA YA TATU. Ni dawa ipi inayoachwa?

Jawabu: Hapa ndipo walipopotea wengi. Inayoachwa ni dawa ya kuondoa maumivu. Ama ile sindano ya oksitosini, ya kadiri ya yuniti 10, anayopigwa mzazi mtoto anapokwisha kuzaliwa, hiyo si ya maumivu. Kazi yake ni kuukaza mji wa mimba ili damu isimiminike, na Shirika lile lashauri apewe kila mzazi. Kwani kutoka damu nyingi baada ya kuzaa ni katika sababu kubwa za kufa wazazi ulimwenguni. Mwenye kuikataa kwa jina la "bila dawa" amechanganya vitu viwili, na kosa lake huenda lisipate wasaa wa kusahihishwa.

Nami nawapa khabari niliyoishuhudia. Jirani yangu mmoja mkewe alizaa salama baada ya magharibi, na wanawake wakapiga vigelegele. Kufika isha damu ilikuwa haijakoma. Mume alikuwa safarini, na wazee wakasema, "Tumngoje atoe ruhusa." Gari lilipatikana alfajiri. Adhuhuri tulimsalia jeneza. Damu haikungoja ruhusa ya mtu.

MAS'ALA YA NNE. Mume atayarishe nini?

Jawabu: Mtume (S.A.W.) alimwagiza mtu amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mngu. Na ngamia wako wewe ni haya: mahali pa kuzalia penye mkunga aliyesomea, gari na mwenye kuliendesha, unayemjua kwa jina, hata usiku wa manane, fedha zilizowekwa kando, na watu wawili au watatu walio tayari kutoa damu. La tano ndilo kubwa kuliko yote: toa ruhusa yako leo. Mwambie mkeo na mkweo mbele ya watu: "Khatari ikitokea mpelekeni spitali, msiningoje."

Na khatari ni hizi: damu kutoka kwa wingi kabla ya kuzaa, kichwa kuuma sana na macho kuona kiza, kifafa, homa, chupa kuvunjika na utungu usije, au maji yake kuwa ya kijani, mtoto kuacha kucheza, kitovu kutangulia, utungu kupita saa 12, kondo la nyuma kutotoka kwa nusu saa, na damu kuendelea kumiminika baada ya kuzaa. Kwa mojawapo ya haya shauri la "bila dawa" limekwisha, wala hapana aibu.

Ama kombe, mwenye kulitumia asilifanye badala ya gari. Dua isomwe njiani.

MAS'ALA YA TANO. Asipopatikana ila mganga mwanamume?

Jawabu: Mwanamke ndiye wa kutangulizwa. Asipopatikana mwanamke ajuaye kazi ile, ni halali mwanamume kumtibu na kumtazama kwa kadiri ya haja, akiwapo mumewe au maharimu wake. Dharura huhalalisha lililozuiliwa. Kumwacha afe kwa kisingizio cha stara si uchamngu.

MAS'ALA YA SITA. Na sala yake?

Jawabu: Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, damu itokayo kwa utungu kabla ya mtoto kuzaliwa si nifasi. Kwa hivyo sala haijamwondokea. Atasali kwa kadiri awezavyo, ijapokuwa kwa kukaa au kulala. Akisha kuzaa, uchache wa nifasi ni lahadha moja, ghalibu yake ni siku 40, na wingi wake ni siku 60. Wala si sharti kungoja arubaini: damu ikikatika siku ya 15, ataoga na kusali.

KHATIMA. Imepokewa kwamba mwanamke afaye kwa uzazi ana daraja ya shahidi. Hii ni rehema kwake na liwazo kwa waliofiwa. Lakini ole wako, ndugu yangu, usiifanye daraja yake kuwa udhuru wa uzembe wako. Yeye ataulizwa juu ya subira yake, nawe utaulizwa juu ya amana yako.

Yule kijana nilimpa mambo yale matano akayaandika kwenye karatasi, akaondoka kwenda kumtafuta mwenye gari kabla ya magharibi. Mwenyiezi Mngu awafungulie wake zetu kwa salama, na atujaalie tuwe waume wanaotegemewa. Amin. Wallahu aalam.