Mazuku na Asilimia
Wakaaji wa Goma huita mazuku ile gesi ya volkano inayotuama mashimoni na kuua bila harufu. Ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa. Hivyo mtoto hukosa pumzi pale ambapo mtu mzima aliyesimama bado anapumua. Wanasayansi wa nchi nyingi wamelipokea neno hilo lilivyo.

Njia ya kurudi ndiyo ngumu. Tuseme hesabu za kompyuta zimetoa hatari ya asilimia 70. Tukitafsiri “inawezekana”, kipimo kimepotea, kwani hata asilimia 5 inawezekana. Mimi napendekeza: “katika siku 10 kama ya leo, 7 huwa za hatari.” Mama anayechota maji apate namba, si neno tu.