Chupa ya Chai Iwe ya Maji

Bibi wa Mapacha wa Tukuyu, pole sana kwa msiba wa binti yako.

Niliposoma ujumbe wako kwamba maziwa ya saa kumi alfajiri yananuka uchachu, na Doto ameanza kuharisha, niliacha kazi nyingine zote. Mtoto wa wiki sita akiharisha hasubiriwi. Mpeleke Makandana leo hii. Kama Igogwe ndiyo karibu, nenda Igogwe. Haya mengine utayasoma ukisharudi.

Hukufanya uvivu, bibi. Kuni zimelowa mvua, baridi ya Rungwe inaingia hadi kitandani, na Kulwa akinyamaza Doto anaanza. Nani asingekoroga maziwa ya usiku kucha mara moja, akayafungia kwenye chupa ya chai? Lakini maziwa yakikaa vuguvugu, vijidudu huzaliana humo. Hata unga wa kopo jipya unaweza kuwa navyo tangu kiwandani. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 unataka unga ukorogwe kwa maji ya nyuzi 70 au zaidi. Huko kwenu juu maji huchemka yakifika kama nyuzi 95, nayo yanatosha kabisa.

Kwa hiyo chupani weka maji, si maziwa. Tafuta chupa mbili zinazotunza joto vizuri. Jioni chemsha maji, uzijaze hadi juu: moja ya saa nne na saa saba, ya pili usiifungue hadi alfajiri. Maji yakipoa chini ya nyuzi 70, washa jiko tena. Chemsha na vikombe vyote kwa pamoja, uvifunike.

Wakiamka, korogea wote wawili kwenye jagi moja. Wakiwa na kilo nne nne, kila mmoja anahitaji kama mililita 75 kwa mlo, akila mara nane kwa siku, jumla 150 kwa wote wawili. Kopo likisema kijiko kimoja kwa mililita 30, weka vitano, vya kusawazishwa kwa kisu. Usipunguze hata kimoja ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Pesa ikikwama, nenda ustawi wa jamii uwaeleze. Gawa maziwa katika vikombe viwili, uviweke kwenye beseni la maji baridi, kisha dondoshea mkononi uone joto. Mkalishe mtoto wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, anywe mwenyewe, usimmiminie. Yakibaki, mwaga. Ya Kulwa asipewe Doto.

Maziwa ya ng'ombe ya jirani, hata yametoka kukamuliwa sasa hivi, yasubiri hadi watimize mwaka. Uji nao usubiri hadi watimize miezi sita.

Umesema baba yao huja kila Jumamosi kutoka Mbeya. Mfundishe kupima vijiko. Usiku huo ashike jagi yeye, nawe ulale.