Mkondo Hasi Umetoka Wapi? Maswali ya Wanaoanza Kuchambua Sakiti

Je, balbu ya kwanza hula mkondo, ya pili ikabakiziwa?

Hapana. Wengi huingia chuoni wakiamini hivyo, na imani hiyo huharibu hesabu nyingi. Chukua betri ya volti 12, uiunganishe na resista mbili zinazofuatana, moja ya omu 4 na nyingine ya omu 2. Ukinzani wote ni omu 6, kwa hiyo mkondo ni ampea 2. Pima kabla ya resista ya kwanza, pima katikati, pima mwishoni: ni ampea 2 zile zile. Kinachogawanywa ni volteji, 8 kwa ya kwanza na 4 kwa ya pili.

Kanuni za Kirchhoff zinasemaje?

Gustav Kirchhoff alizitoa mwaka 1845, akiwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Königsberg. Mkondo unaoingia kwenye nodi ni sawa na unaotoka. Ukizunguka kitanzi ukarudi ulipoanzia, volti ulizopanda ni sawa na ulizoshuka. Ziongezee kanuni ya Ohm, na una vifaa vyote vya muhula wa kwanza.

Nimepata mkondo hasi. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote. Hapa naomba ushike kalamu.

Betri ya volti 12 inapitia resista ya omu 4 hadi kwenye nodi. Betri ya volti 6 inapitia omu 2 hadi kwenye nodi hiyo hiyo. Kutoka hapo, resista ya omu 12 inashuka hadi upande hasi wa betri zote mbili, tunaouhesabu kuwa sifuri. Chora mishale kwanza: betri zote mbili zinasukuma mkondo kuingia kwenye nodi. Ukikokotoa, volteji ya nodi ni 7.2. Betri kubwa inatoa ampea 1.2, resista ya omu 12 inapitisha 0.6, na betri ndogo inatoa −0.6.

Nimeona wanafunzi wakiifuta alama hiyo ya kutoa, wakaandika 0.6 tupu. Msiifute! Nodi iko kwenye volti 7.2, betri ndogo ina 6 tu. Itawezaje kusukuma kwenda juu? Mkondo unaingia ndani yake. Betri kubwa inaichaji ndogo, na ile alama ndiyo iliyokuambia. Mshale ulikuwa kisio lako tu, hesabu ikakurekebisha. Hakikisha: 1.2 ukitoa 0.6 ni 0.6.

Kwa nini fyuzi ya mita yangu imeungua maabara?

Aghalabu ni kwa sababu mita ilikuwa kwenye ampea, ukaigusisha kwenye ncha mbili za betri. Mita ikipima mkondo ina ukinzani mdogo mno, hivyo umefanya shoti. Ya ampea huwekwa ndani ya njia ya mkondo, baada ya kuikata njia hiyo. Ya volti huwekwa sambamba. Ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla hujaiweka mita mezani.