Mkwe wako hajakunyang'anya bwawa

Shikamoo mzee wangu. Barua yako imefika, na mwandiko wako bado ni wa mwalimu wa ubaoni: hata mahali ulipokasirika, mistari imenyooka. Niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Niliporudia, nikaacha kucheka.

Kwa faida ya wasomaji wengine: babu huyu ni mwalimu mstaafu, anaishi kijijini kati ya Nachingwea na Ruangwa. Wajukuu wake wawili, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka sita, wanakaa Dar es Salaam na huletwa kwake likizo za Juni na Desemba. Kila wakija, babu huwachukua kwenda bwawani, nyuma ya mikorosho. Ni bwawa la msimu, mvua hulijaza na kufikia Oktoba limebaki udongo mtupu. Desemba iliyopita watoto walioga humo wakafurahi mno, na waliporudi mjini binti akamsimulia mama yake kila kitu. Siku chache baadaye mtoto wa babu akapiga simu: mama watoto amesema bwawani basi, kuna kichocho na kuna kuzama. Sasa Juni inakaribia. Babu anauliza kama ni kosa kuwapeleka kimyakimya na kuwaomba wasiseme.

Ni kosa, mzee wangu. Nalisema mapema ili tunywe chai tukijua tunazungumza nini.

Na kosa lenyewe si maji. Mtoto wa miaka sita hana mizani ya kupima siri. Ukimwambia "hii ni ya kwetu, mama asijue", anachojifunza ni kwamba mtu mzima anayempenda anaweza kumtaka amfiche mama yake. Kesho akija mtu mwingine, asiyempenda, na maneno hayo hayo, mtoto atayaona ya kawaida kwa sababu aliyaanza kwa babu. Umefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, hili unalijua kuliko mimi. Hasira ndiyo iliyokusahaulisha.

Tuje kwenye hasira, maana ndiyo iliyojaza karatasi. Unasema mkwe wako amekudharau kwa sababu hakukwambia mwenyewe, alimtuma mumewe "kama anayempelekea mshtakiwa hati". Taratibu hapo. Hebu niambie, kwa malezi ya huko kwetu Kusini, ungefurahi binti yule angekupigia simu wewe, baba mkwe wake, akakwambia sitaki uwapeleke watoto bwawani? Ungeandika barua ndefu kuliko hii. Amepitia kwa mumewe kwa sababu ndiyo njia ya heshima aliyofunzwa. Na tazama alichokataza. Hakusema watoto wasije kwako. Hakusema walale Nachingwea mjini kwa shangazi yao. Amekuachia wajukuu wako mwezi mzima, akakuomba kitu kimoja tu.

Halafu kuna ile sentensi yako uliyoipigia mstari: "Sisi tumeoga humo tangu utoto na hatukufa." Mzee wangu, karatasi ya mwisho ya barua yako hiyo hiyo, unapoeleza bwawa lilivyo, umeandika kwamba upande wa mkwaju kuna shimo, "pale tulipompoteza ndugu yetu". Umeliandika kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kwa hiyo si kweli kwamba hamkufa. Wanaosema "hatukufa" ni waliobaki, aliyezama hana nafasi ya kuandika gazetini. Nadhani hata wewe, ukikaa peke yako, unajua kwamba umeoga humo salama kwa sababu ulijifunza siku ile ni wapi pasipokanyagwa. Wajukuu wako hawalijui shimo hilo. Mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Anashuka kimya, na anayemwangalia anadhani anacheza. Umenieleza pia kuhusu goti lako la kushoto. Kwa goti hilo utamtoa mmoja. Wako wawili.

Kichocho nacho umekiita "ugonjwa wa kwenye simu". La hasha. Mkoa wetu wa Lindi ni miongoni mwa maeneo ya nchi hii yenye kichocho cha mkojo, na kazi yake ni ya taratibu. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, vijidudu huingia kwa konokono wadogo wanaoshika majani ya bwawani, vikakua humo, kisha vikatoka tena majini, hasa mchana jua likiwa kali. Vikimkuta mtu vinapenya ngozi kwa dakika chache. Si lazima anywe maji, kuchovya miguu kunatosha. Konokono hao bwawa likikauka hawafi wote. Wengine hujificha kwenye udongo wakisubiri mvua. Kwa hiyo hoja yako kwamba "bwawa hukauka, kila mwaka linaanza upya likiwa safi" haisimami. Na ile imani kwamba mvulana akikojoa damu anakua, tuiache na waliokuwa hawana hadubini. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwaona minyoo hao mjini Cairo mwaka 1851, na ugonjwa ukichelewa kutibiwa huharibu kibofu na viungo vya uzazi.

Habari njema ni kwamba dawa ipo. Ni vidonge vya prazikwanteli, hivyo hivyo wanavyogawiwa watoto shuleni baada ya kupimwa urefu kwa ule mti wenye alama. Dawa inaua minyoo iliyomo mwilini, haizuii kuambukizwa tena. Watoto walioga Desemba, kwa hiyo kufikia Juni muda umetosha kwa mayai kuonekana kwenye mkojo. Wakifika tu, wapeleke zahanati wapimwe, ikiwezekana saa za mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Na wewe ujipime. Ukimwambia mkwe wako kwamba umeshawapeleka kupima, bila yeye kukuomba, utakuwa umemwambia maneno mengi kwa tendo moja.

Sasa niruhusu nikutanie kidogo kuhusu karanga. Umeandika kwamba watu wa mjini wanaohukumu mabwawa ya Nachingwea ni sawa na Waingereza wa mpango wa karanga. Nimeupenda mfano huo. Ni kweli, mwaka 1947 walianzisha mpango wao wa kulima karanga wakitegemea Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga na reli kutoka Mtwara, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umefutwa, mvua na udongo vikiwa havijapimwa vya kutosha kabla ya kuleta matrekta. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya 1960, huenda tuta lake umelitembea ukiwa mdogo. Lakini mwalimu, umempa mfano huo mtu asiyestahili. Mkwe wako ndiye aliyeuliza kabla ya kuingia: maji haya yana nini? Aliyeingia bila kupima ni mwingine, na leo nimemwamkia shikamoo.

Basi, bwawa limekwisha? Hapa ndipo ninapokusikitikia, maana naona umeamini kwamba bwawa ni kuoga. Barua yako inanishuhudia vingine. Ulipoeleza kuoga umetumia mistari miwili. Ulipoeleza yale mapovu meupe yanayoning'inia kwenye tawi juu ya maji kila Desemba, umejaza nusu ukurasa. Mapovu yale ni kiota cha chura wa mtini. Jike huyapiga kwa miguu mpaka yaumuke, hutaga mayai ndani, juu hukauka kama ganda na ndani hubaki unyevu. Siku chache baadaye viluwiluwi hudondoka majini kimoja kimoja. Watoto wakikaa ukingoni kwa subira, watawaona wakidondoka, na nguo zao zitarudi nyumbani kavu.

Na lile swali la mjukuu wako wa kiume, ulilolitaja kama kituko: samaki wale wadogo wenye rangi walitoka wapi, wakati Oktoba bwawa lilikuwa vumbi? Ulimjibu kwamba mvua huwaleta. Hukumdanganya sana, ila samaki hawakunyesha. Walikuwemo. Wataalamu wanawaita Nothobranchius, na wanapatikana kwenye mabwawa ya msimu ya ukanda huu wote, Tanzania mpaka Msumbiji. Hutaga kwenye tope, wazazi hufa bwawa linapokauka, na mayai hubaki ndani ya udongo uliopasuka miezi yote ya kiangazi, huku ng'ombe na baiskeli zikipita juu. Mvua ikijaza bwawa, yanaanguliwa, na ndani ya wiki chache dume ameshavaa rangi zake na anatafuta mke. Maisha yao yote ni msimu mmoja. Kwa sababu hiyo taasisi ya Max Planck pale Cologne, Ujerumani, inamfuga ndugu yao mmoja wa Msumbiji na Zimbabwe kuchunguza uzee unavyomwingia kiumbe. Mweleze mjukuu kwamba kuna wazee wenye digrii wanaolipwa kumtazama samaki wa bwawa akizeeka. Wewe umemtazama bure.

Ukitaka watoto wawaone samaki hao kwa karibu, vaa gambuti, chota mwenyewe kwa ndoo, mimina kwenye chupa kubwa ya maji iliyokatwa juu, funika kwa kitambaa cha wavu, uwape waishike kwa nje. Mikono yao isiingie humo. Vijidudu vya kichocho visipompata mtu hufa ndani ya siku mbili, kwa hiyo chupa ikae kwanza.

Juni ni sura nyingine. Maji yamerudi nyuma, baridi ya asubuhi inauma kidogo, ufuta umesimamishwa shambani ukauke, na yangeyange wamejipanga kwenye tope wakiokota walichoachiwa. Kerengende wanataga juu ya maji kwa kugusa na mkia. Huo ni wakati wa kukaa chini ya mti mbali na ukingo, mna mihogo ya kuchoma, binti wa miaka tisa ana daftari la kuchora. Hapo ndipo uwaonyeshe lile shimo la mkwaju, kwa mbali, na uwaambie ukweli wa ndugu yako. Hadithi hiyo umeinyamazia miaka mingi, na nadhani kuwapa itakupunguzia mzigo kuliko unavyofikiri. Binti anaweza kuipokea. Huyo mdogo mpe ufupi wake.

Tafadhali msikae mpaka giza. Miaka hii tembo wamekuwa wakiingia mashambani katika wilaya za Nachingwea, Ruangwa na Liwale, na kiangazi nao wanatafuta maji. Muulize mwenyekiti wa kijiji kabla hamjatoka, na mkikuta nyayo mbichi, rudini.

Miezi mingine watoto hawapo, na umelalamika kwamba ndipo bwawa linapokuwa zuri zaidi. Basi una kazi. Simama mahali pamoja, piga picha kila mwezi, wapelekee kwa simu ya baba yao. Machi limefurika mpaka kwenye mikorosho. Oktoba, korosho zinaanguka, na pale palipokuwa maji pana nyufa za kuingiza kidole. Waulize mayai ya samaki yako wapi. Watakupigia wao, wala hutasubiri Desemba.

Jambo la mwisho. Barua nzima umemtaja mke wako mara moja tu, kwamba uliposimulia mpango wa kwenda kimyakimya "alicheka akaingia ndani". Mama wa watu hajacheka bure. Yeye na mkwe wake wanazungumza, nina hakika, na mengi unayoyakisia wewe yeye anayajua. Mpe simu leo jioni. Amwambie mkwe kwamba baba amekubali watoto hawaingii majini, watapimwa wakifika, mtu mzima mmoja zaidi mwenye miguu mizima atafuatana nao, na kwamba akipata ruhusa kazini aje naye walau kwa siku chache, alione hilo bwawa analolisikia tu. Wewe kaa pembeni, usidakie. Akimaliza, omba uongee na mjukuu wa kiume, kuna swali lake hujalijibu.