Kufundisha Habari za Bakteria wa Utumbo na Usugu wa Insulini

Tunapofundisha bakteria katika shule za msingi, desturi yetu ni kuanza na kipindupindu na kuhara. Mtoto hutoka darasani akidhani kila bakteria ni adui. Mwalimu mwanafunzi atafanya vyema kuanza na maziwa ya mgando, ndipo aingie katika utumbo mpana, waishimo bakteria wengi mno wenye kuchachusha nyuzinyuzi za mboga na nafaka tusizoweza kuzisaga wenyewe.

Sehemu ngumu ni usugu wa insulini. Hapa tunapendekeza mchezo. Wanafunzi watano wawe seli, kila mmoja nyuma ya dawati lake. Mbegu za maharage zilizomwagwa sakafuni ziwe sukari iliyomo katika damu. Mwanafunzi wa sita awe insulini: apige hodi, na seli iitikie "Karibu" na kuokota mbegu moja. Katika duru ya pili seli ziitikie baada ya hodi ya nne. Mbegu zitabaki sakafuni, nalo kongosho litalazimika kutuma wabisha hodi wengi zaidi. Likishindwa, kisukari cha aina ya pili huingia. Mchezo huu usifupishwe. Maelezo ya ubaoni hayashiki nafasi yake.

Ndipo zielezwe juhudi za wataalamu. Katika jaribio la huko Amsterdam lililotangazwa mwaka 2012, wanaume wenye usugu huo walitiwa utumboni bakteria kutoka vinyesi vya watu wembamba. (Darasa litacheka, liachwe licheke.) Baada ya majuma 6 miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi, lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba nafuu ya namna hiyo haikuonekana tena katika juma la 18. Nchini Ubelgiji, watu 32 walimaliza jaribio la miezi 3 la Akkermansia muciniphila, bakteria akaaye katika ute wa utumbo; matokeo yalitangazwa mwaka 2019. La ajabu, nafuu iliyo dhahiri ilipatikana kwa waliopewa bakteria waliokwisha kuuawa kwa joto.

Mtoto ambaye bibi yake anatumia dawa za kisukari atazipeleka habari hizi nyumbani jioni hiyo hiyo. Akisema kwamba mwalimu amesema mtindi unaponya, bibi aweza kuacha dawa. Kwa hiyo, kabla ya kengele, mwalimu aulize: Walijaribiwa watu wangapi? Kwa muda gani? Nafuu ilidumu? Majibu yaandikwe madaftarini chini ya mchoro wa utumbo, pamoja na sentensi isemayo kwamba bakteria hawa bado hawajawa badala ya dawa za daktari.